Matone Sita Asubuhi, Sita Jioni

Waombolezaji wote mliofika hapa Kinyangiri leo, Jumatano, tarehe 13 Agosti 1997, wazee wetu shikamooni, mchungaji na wainjilisti, ndugu zetu Waislamu mliotoka Singida mjini na Nduguti, majirani mliotoka Sepuka kwa lori tangu alfajiri, poleni kwa safari, poleni kwa vumbi, karibuni. Familia ya marehemu mzee Msengi imemteua mtoto wake wa mwisho, Gasto, asome maisha ya dada yake, na kwa kuwa Gasto mwenyewe yumo ndani ya maisha hayo, tena si kwa sifa, humu atatajwa kwa jina lake kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, asipate pa kujificha nyuma ya neno familia. Karatasi ya kwanza iliandikwa na kikao cha ukoo juzi jioni, ilikuwa ya ukurasa mmoja, nayo ilisema marehemu aliugua kwa muda mfupi. Marehemu aliugua kwa miaka miwili na miezi tisa, na kila mmoja wenu ana jina lake la ugonjwa huo analolitamka akiwa jikoni kwake, sauti ya chini, mkono mdomoni. Leo mtaambiwa jina lenyewe, na mtaambiwa nani alifanya nini, kwa sababu marehemu ana watoto wawili ambao bado wataishi katikati yenu.

Marehemu Febronia Msengi alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapahapa Kinyangiri, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Msengi Shila na mama Magreth, ambao wote wametangulia. Wa kwanza alifariki akiwa mchanga, wa tatu ni Esta, yule aliyekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, na wa nne ni Gasto, aliyezaliwa mwaka 1960, wakati mama tayari hana nguvu ya kubeba mtoto, kwa hiyo Gasto alikulia mgongoni kwa dada yake, akienda naye kisimani, shambani na kanisani, na wazee mliopo mnakumbuka kwamba mlikuwa mkimwona Febronia kwa mbali mnadhani ni mtu mwenye kibiongo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965, na katika mtihani wa hesabu aliwapita wavulana wote wa mwaka wake, jambo ambalo baadhi yao, waliopo hapa wakiwa na mvi, hawajalisamehe mpaka leo. Alichaguliwa kuendelea na masomo, lakini tarehe 3 Februari 1966 mama Magreth alifariki, mzee akaangalia kushoto na kulia, akamwona Gasto wa miaka sita na Esta wa tisa, na safari ya shule ikaishia hapo, bila Febronia kununa wala kusimanga mtu. Gasto alipikiwa uji, alifuliwa, alifundishwa kusoma na kupelekwa shule na dada huyu, na kila alichojua kuhusu tarakimu, ambacho baadaye alikitumia kuhesabu matone, alikipata kwake.

Tarehe 2 Mei 1969 aliajiriwa kupima mazao katika ghala la ushirika huko Sepuka, akafanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minne, ushirika ukivunjwa, mamlaka ya mazao ikija, ushirika ukirudi, mabwana wakibadilika na bendera za ofisi zikibadilika, yeye akiwa palepale nyuma ya mizani na kalamu sikioni. Mkono wake haukutetemeka. Mkulima wa alizeti au wa karanga akishaona Febronia ndiye aliyeshika mizani alikuwa hana haja ya kusogea kuangalia mshale, alikwenda zake kivulini kuzungumza na wenzake, akaitwa kusaini, akasaini.

Kisha soko likafunguliwa. Hatusemi lilifunguliwa vibaya, wapo waliojenga nyumba za bati kwa sababu ya soko hilo, lakini pamoja na wanunuzi waungwana waliingia watu wa ajabu, wanaojaza gunia mpaka linavimba kichwani na kuliita gunia moja, na tarehe 30 Juni 1993 ghala la Sepuka lilipofungwa, mmoja wa watu hao alimfuata Febronia nyumbani, akampamba kwa maneno matamu, akamwajiri. Hakuwa anautaka ujuzi wake, alikuwa anautaka uso wake, ili wakulima waendelee kwenda kivulini. Mwezi wa kumi marehemu aliinamisha mizani ile kuifuta vumbi, akaona kipande cha madini ya risasi kimebandikwa kwa nta chini ya upande wa mawe ya kupimia, ili mzigo wa mkulima uonekane mwepesi, akakibandua mbele ya wakulima, akakitupa kwenye miguu ya tajiri wake, akaondoka bila kuaga. Esta anasema alifika nyumbani akanawa mikono kwa sabuni ya mche mara tatu na chakula kikamshinda. Huyo ndiye mtu tuliyenaye ndani ya sanduku hili, alikuwa na kinyaa na uongo kama wengine walivyo na kinyaa na funza.

Marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1974, huko Sepuka, na Bwana Melkizedeki Kingu, dereva, wakajaliwa watoto wawili, Cecilia, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1976, fundi cherehani, na Joseph, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1979, mwanafunzi wa sekondari. Ndoa ilikuwa na utulivu kwa miaka ishirini, na hilo familia inalisema kwa haki kabisa, kwa sababu kinachofuata hakina utulivu.

Ugonjwa ulianza Novemba 1994. Moyo ulianza kumwenda mbio akiwa amekaa tu anachagua maharage, jasho likawa linamtoka katika baridi ya asubuhi, akawa analala saa mbili tu na kuamka amechoka kama aliyetoka kulima, anakula chakula cha watu watatu na bado magauni yanamlegea, tumbo likawa linamwendesha mara sita kwa siku, na mikono ile, mikono ya mizani, ikaanza kutetemeka mpaka kikombe cha chai kinamwagikia kwenye sahani. Kufikia Februari 1995 alikuwa amekonda mashavu, na macho yalikuwa yametokeza na kuwa mekundu, kope hazifikiani sawasawa, anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa na hakuna aliyemtuliza. Sasa mnajua miaka hii tuliyomo. Mtu akikonda na kuharisha, hakuna anayengoja daktari. Sepuka nzima ilishapima, ikapata majibu na kuyatangaza, na daktari hakuwa ameiona hata ngozi yake.

Wanawake wa kikundi cha kanisa, aliowatunzia daftari la michango kwa miaka tisa bila shilingi moja kupotea, walifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja cha bati, na kila wakikutana kikombe hicho kikawa chake, anapewa kwa tabasamu, huku chai ya wengine ikimiminwa kwenye vikombe vya udongo. Aliuona uzi siku ya kwanza. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akakiosha kikombe, akakiweka mahali pake, na hakurudi tena. Wapo wengine waliokuwa na la kwao zaidi, waliotazama macho yale mekundu wakanong'ona uchawi, wakaanza kuhesabu watoto waliokufa mtaani, na mnajua katika mikoa yetu hii macho mekundu ya mwanamke yameshaua wanawake wangapi. Hayo yalisemwa na watu wanaoomba sala kabla ya kula, na yanachefua kuyakumbuka kuliko yalivyochefua yalipokuwa yanasemwa.

Jumamosi, tarehe 20 Mei 1995, wazee wa upande wa mchumba wa Cecilia walifika Sepuka, wakakaa, wakanywa soda, wakasema kijana wao ameamua kusubiri kidogo. Hawakueleza anasubiri nini. Cecilia alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na mama yake alikuwa amekaa mbele yao, mikono ameibana katikati ya magoti isionekane inavyocheza, akawashukuru kwa kuja. Tarehe 3 Juni, wiki mbili baadaye, Bwana Melkizedeki alimpandisha mke wake kwenye lori la alizeti na fungu la nguo, akamwambia akapumzike kidogo kwa mdogo wake Nduguti, yeye atamfuata Jumamosi. Jumamosi zilizopita tangu siku hiyo ni mia moja na kumi na nne. Bwana Melkizedeki amefika jana, ana koti jeusi jipya, amelia sana, na anadai mke huzikwa kwa mumewe. Marehemu aliagiza azikwe katika shamba la baba yake, na hapo ndipo kaburi lilipochimbwa, na jambo hilo limekwisha.

Sasa ni zamu ya Gasto. Gasto alifungua duka la dawa baridi huko Nduguti mwaka 1993, katika mwaka uleule ambao kila mwenye rafu na kufuli alikuwa anafungua kitu, akiwa na cheti cha semina ya wiki mbili na koti jeupe alilolishonesha mwenyewe bila kuambiwa na mtu avae. Watu walimwita daktari, naye hakuwa akiwasahihisha, na baada ya miezi michache alikuwa anaitikia kabla hawajamaliza kulitamka neno. Dada yake alipofika na lile fungu la nguo, Gasto alimpa chumba cha uani, akakaa usiku kucha akiamini lile ambalo watu wote waliliamini, na inabidi isemwe kwamba kwa wiki sita za mwanzo alikuwa akimwekea sahani yake pembeni. Mtoto aliyebebwa mgongoni miaka minne alimtengea sahani aliyembeba.

Katikati ya Julai, asubuhi moja, dada yake akiwa anachana nywele uani na amenyoosha shingo, Gasto aliona uvimbe. Alisogea, akaushika, ulikuwa laini, unacheza akimeza, na Gasto alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi maishani mwake, kwa sababu lilikuwa rovu, na kama ni rovu basi si ule ugonjwa. Na rovu nani hakulijua. Redio ilikuwa inasema kila siku, mabango ya rangi yalikuwa yamebandikwa zahanati na shuleni, kwamba rovu linaletwa na upungufu wa madini joto, tumieni chumvi yenye madini joto, na serikali ilikuwa imeshatunga masharti. Yote hayo ni kweli, yaliokoa na yanaokoa watoto wetu, na asiwepo mtu atakayetoka hapa akarudi kwenye chumvi ya mawe akisema Gasto kakataza. Ila Gasto alichukua ukweli wa watu wote akaufanya dawa ya mtu mmoja, bila kumuuliza yeyote anayejua, kwa sababu aliyeitwa daktari alikuwa yeye.

Alikuwa nayo dukani katoni ya chupa ndogo za kahawia, maji ya madini joto, aliyoletewa na mchuuzi mmoja wa mkoba wa ngozi aliyepita na gari akasema ni mali ya Ulaya, chupa hazina tarehe, karatasi yake ya maelezo imeandikwa kwa lugha ambayo hata mchuuzi hakuwa akiijua. Alimpa dada yake matone sita asubuhi, sita jioni, ndani ya glasi ya maji, na chumvi ya pakiti akaizidisha kwenye mboga mpaka Cecilia, aliyekuwa amehamia kumuuguza mama yake, akalalamika. Na ikawa ajabu, kwa sababu katika siku kumi na nne za mwanzo marehemu alipata nafuu, moyo ulitulia, alilala usiku mzima, alishika sindano akaingiza uzi mara ya kwanza. Gasto alitangaza mtaa mzima. Alisimama mlangoni mwa duka lake na koti jeupe akiwaeleza wapita njia kwamba dada yake ana rovu tu, rovu la kawaida, na yeye ndiye aliyeligundua na yeye ndiye anayelitibu, na watu wakanunua chupa.

Mwezi wa nane nafuu iliondoka na ugonjwa ukarudi na nguvu mpya, na Gasto akafikiri dawa haijatosha. Mwezi wa kumi aliongeza, Januari 1996 yalikuwa matone kumi na kumi. Rovu lilikua, likawa la moto ukilishika, ukiweka sikio unasikia damu inavyopita kwa kasi, macho yakatokeza zaidi mpaka akawa analala na kitambaa kilicholowa usoni kwa kuwa hayafumbi, na moyo ulipiga mpaka kanga kifuani ilikuwa inaonekana inachezacheza. Alikuwa anakunywa ile glasi kila siku bila kukosa. Maji yale yana ladha ya kutu, alikunja uso, akameza, akasema ahsante mdogo wangu.

Tarehe 17 Aprili 1996 alianguka uani, akapelekwa kwa gari la kukodi katika hospitali moja ya misheni, na hapo kwa mara ya kwanza katika mwaka na nusu mtu aliyesoma alimgusa kwa mikono yake. Mtu huyo ni Daktari Maryam Abdulrazaki, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa Singida mjini, ambaye tunamwona amekaa pale na mama yake mzazi, na kwa ridhaa ya watoto wa marehemu tunasema mbele yenu, na karatasi anayo Cecilia kwa anayetaka kuisoma, kwamba damu ya Febronia Msengi ilipimwa tarehe 18 Aprili na tena tarehe 22 Julai 1996, na haikuwa na virusi vya ukimwi. Vingekuwa ndani yake, tungemlilia vilevile na mngekuwa na haki ndogo vilevile ya kumfungia uzi kwenye kikombe. Lakini havikuwamo. Damu nyingine ilipelekwa Dar es Salaam, ikarudisha majibu baada ya wiki tano, na majibu yalikuwa tezi ya shingo, iliyovimba na kufanya kazi kupita kiasi kwa kuchochewa na kinga ya mwili wake mwenyewe.

Daktari alimkalisha Gasto kwenye benchi la nje ya wodi akamweleza kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. Alisema si kila rovu ni njaa ya madini joto, lipo linalotokea kwa kuwa kinga ya mwili imeikosea tezi na kuishambulia, ikiichochea ifanye kazi bila kupumzika. Alisema tezi yoyote inapotumia madini joto hutoa ndani yake kemikali kali, kama jiko la mkaa linavyotoa moshi, na tezi yenye afya ina namna yake ya kuuondoa moshi huo, lakini tezi yenye uvimbe wa namna hii inazidiwa, moshi unabaki ndani, unaunguza nyama ya tezi yenyewe, na pale palipoungua kinga ya mwili inazidi kupashambulia, ikawa ni mzunguko. Kumwagia madini joto tezi ya namna hiyo, alisema, ni kuongeza mkaa kwenye jiko na kufunga madirisha. Na ile nafuu ya wiki mbili inajulikana vitabuni, tezi ikipata madini joto mengi kwa ghafla hushtuka ikasimama kidogo, kisha inaamka. Akauliza mgonjwa alikuwa akipewa kiasi gani.

Gasto alijibu kwamba ni matone matatu, tena mara mojamoja.

Hilo ndilo jibu alilolitoa, kwa mdomo wake, akimtazama daktari usoni, dada yake akiwa amelala nyuma ya ukuta huo. Daktari aliandika matatu. Alimwanzishia vidonge vya kuituliza tezi na vya moyo, akapiga marufuku yale maji, na kwa kweli mwili ulianza kurudi, kufikia mwezi wa nane marehemu alikuwa ameongeza kilo saba, tumbo limetulia, mikono imeacha kutetemeka, na aliwashonea watoto wa Bi Stumai, jirani yetu wa Nduguti, sare za shule. Lakini moyo uliokimbizwa mwaka na nusu, na kukimbizwa zaidi kwa matone kumi na kumi, ulikuwa umeshatanuka na kulegea, na daktari alisema moyo haurudi kama tezi inavyorudi. Chupa zilizobaki Gasto hakuzitoa rafuni mpaka Desemba. Aliziacha zikae pale, akauza nne, kwa sababu kuzitoa kungewafanya watu waulize. Kwa hiyo yeyote aliyenunua kwake chupa ya kahawia, na moyo wake unakwenda mbio au shingo inavimba, baada ya mazishi amwone Daktari Maryam palepale alipokaa, asione haya, wa kuona haya yupo mbele yenu anasoma.

Na ninyi mliopelekewa habari ya damu ile, maana Cecilia alizunguka Sepuka na karatasi mkononi, nyumba kwa nyumba, hamkuja. Mliisoma, mkamrudishia, mkasema Mungu ni mwema, na wazee wa yule kijana mpaka leo wanasubiri. Mwaka mzima wa mwisho marehemu aliishi akiwa na shingo iliyopungua na pumzi fupi, anawajua wote kwa majina, na waliokuja kumwona wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jana walikuja wanawake kumi na moja kumwosha maiti, saba kati yao wakiwa wamevaa mifuko ya nailoni mikononi, wameifunga kwa kamba kwenye kiwiko. Esta aliwatoa nje. Walikwenda wakavua mifuko, wakanawa, wakajipakulia wali na nyama, na wengine walirudi mara ya pili.

Hali ilibadilika tarehe 29 Julai 1997, miguu ikavimba, hakuweza kulala chali, akarudishwa hospitali, na alifariki dunia Jumatatu, tarehe 11 Agosti 1997, saa nne asubuhi, kwa moyo kushindwa kufanya kazi, baada ya ugonjwa wa tezi ya shingo, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, mikononi mwa Cecilia.

Familia inamshukuru Daktari Maryam Abdulrazaki na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomtibu bila kumkwepa. Inamshukuru Bi Stumai, aliyekula naye sahani moja siku zote hizo, mchana, mlangoni, barabarani watu wakiona. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wawili wa ghala la Sepuka waliokuja kwa baiskeli mara tatu, na mwinjilisti aliyemletea meza ya Bwana uani. Inamshukuru Esta, aliyemwosha kwa mikono yake mitupu. Waliobaki familia inawashukuru kwa kuhudhuria.

Marehemu mwenyewe aliacha shukrani moja, alimtamkia Esta akaiandika tarehe 2 Agosti, akaagiza isomwe siku ya mazishi bila kukosa, na inasomwa kama ilivyo: Namshukuru mdogo wangu Gasto, mtoto wangu wa kwanza kumlea, maana wote waliponitupa yeye alinitafutia dawa, na nisingekunywa matone yake ningekuwa nimekufa mwaka ule.

Hakuwahi kuambiwa kwamba matone hayo ndiyo yaliyomzidishia ugonjwa. Kila mgeni aliyeingia chumba cha uani alisimuliwa habari za matone ya Gasto, Gasto akiwa amesimama hapohapo mlangoni, na mara zote hizo alikuwa na mdomo, na mara zote aliinamisha kichwa kama mtu mwenye adabu anayesifiwa. Shukrani hiyo imesomwa kwa kuwa ameagiza, na haipokelewi.

Sasa mtapita kutoa heshima za mwisho. Waliompamba walimfunga kitambaa cheupe shingoni ili pasionekane, Gasto amekiondoa asubuhi hii, shingo imeachwa wazi, kila mtu apite akione kilichomuua, na atakayeita ugonjwa ule jina jingine baada ya leo awe anasema uongo akijua. Gasto atapita wa kwanza.

Dada Febronia, umepimiwa vibaya na watu uliowapimia sawasawa, na aliyezidisha ni huyu uliyembeba. Sasa umejua. Pumzika, dada, na amani tuliyokunyima iwe yako huko uendako.